Gari la Mti na Boti ya Mzee Bucumi

Kila siku masomo yalipokwisha, Diana alipita kwanza kwenye duka la Oswald kule Katubuka, ndipo aende nyumbani kwao Buzebazeba. Oswald alikuwa fundi simu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na watu walijibanza chini ya kibaraza chake wakitazama matope yakitiririka barabarani. Wengi wao hawakuleta simu za kutengenezwa. Walikuja kuzungumza habari za gari.

Gari hilo liliitwa Astora. Lilikuwa gari la mbio la kifahari, la milango miwili, lililolala chini kana kwamba linanusa lami. Lilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya watu wachache wenye fedha nyingi. Hakuna hata mmoja pale kibarazani aliyewahi kuliona kwa macho yake. Hata hivyo walilipenda. Kwa miaka mingi lilikuwa na umbo lile lile, na sasa kampuni ilikuwa imetangaza kwamba Jumamosi ingeonyesha umbo jipya. Kwenye simu ya Oswald gari lilionekana likijaribiwa, likiwa limefunikwa kwa kitambaa chenye madoa meusi na meupe ili watu wasitambue sura yake. Mashabiki walisimamisha video, wakaikuza picha kwa vidole, wakabishana.

"Lazima wabakize taa za mviringo," alisema Bariki, kijana wa bodaboda. "Wakiziondoa hizo, hiyo siyo Astora tena. Ni gari tu."

"Taa zitakuwa nyembamba," alijibu Diana. "Tazama kitambaa kilivyolala hapa mbele, kaka Bariki. Taa ya mviringo ingekaa wapi?"

"Wewe mtoto umeyajulia wapi haya?"

"Huyo ni binti wa Anatoli, fundi boti," alisema Oswald. "Anajua mbao inavyopinda hata ukiifunika."

Kisha Oswald akaahidi jambo. Yeyote atakayetengeneza kigari kinachofanana zaidi na Astora mpya, kigari chake kitawekwa ndani ya kabati la vioo pale dukani, watu wote wakione. Diana hakulala vizuri kwa kuliwazia kabati hilo.

Alishirikiana na Irambona, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba. Wazazi wa Irambona walitoka Burundi zamani wakafanya makazi Kigoma. Baba yake, Mzee Bucumi, alikuwa na boti ya kubeba mawese na unga wa muhogo kutoka Ilagala. Irambona alikata magurudumu kutoka kwenye ndala kuukuu. Diana alichonga mwili wa gari kwa patasi ndogo ya baba yake. Kigari kilipendeza, lakini mti wenyewe ulikuwa na nyufa na vishimo. Diana alitaka kiwe laini kama bati lililopigwa rangi kiwandani.

Wakati huo baba yake alikuwa anatengeneza boti ya Mzee Bucumi. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza sehemu ya ufuko wa Kibirizi, kwa hiyo mafundi walibanana kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Sehemu ya chini ya boti ilikuwa na ufa mrefu. Baba alinunua kopo la gundi nzito ya kijivu, ile inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, akaliweka nyumbani chini ya meza ili lisilowe.

Jumatano mchana Diana alibaki peke yake nyumbani. Alifungua kopo akachota kidogo kwa kijiti, akapaka kwenye kigari. Gundi ilijaza vishimo vyote. Akachota tena. Alipomaliza mlango wa pili na mgongo, kopo lilikuwa limebaki na gundi chini ya nusu. Aliogopa. Jikoni kulikuwa na uji mzito wa muhogo uliobaki asubuhi, wenye rangi inayokaribia ile ya gundi. Aliumimina ndani ya kopo, akakoroga mpaka ukachanganyika, akafunika.

"Hii gundi umeipata wapi?" Irambona alimuuliza jioni akikipapasa kigari.

"Baba amenipa. Ilibaki."

Kesho yake, Diana alimpelekea baba yake chakula Kibirizi. Alimkuta ameinama juu ya boti iliyopinduliwa, chini ya turubai linalovuja. Baba alichota gundi, akaitazama kwa karibu.

"Mbona ni laini hivi?" alisema. "Diana, kuna mtu amegusa kopo hili nyumbani?"

Jibu la kweli lilikuwa pale pale ulimini. Lakini akawaza kwamba baba angeuliza gundi imekwenda wapi, na kigari kingechukuliwa, na Jumamosi ilikuwa karibu.

"Hapana, baba. Labda ni hii mvua."

"Labda," baba alisema, naye akaendelea kupaka.

Alikausha kiraka kwa jiko la mkaa. Kilipokauka alikigonga kwa kifundo cha kidole, nacho kikalia kama mti mkavu. Mzee Bucumi alikuja kuichukua boti yake akifurahi. "Anatoli akishagusa boti," alisema, "mimi sitazami tena chini." Ijumaa asubuhi akaondoka kwenda Ilagala pamoja na msaidizi wake, Alphonce.

Jumamosi mchana kibaraza cha Oswald kilijaa. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata ikabidi simu iunganishwe na spika. Mtangazaji alizungumza kwa muda mrefu kwa lugha ambayo wengi hawakuielewa, kisha watu wawili wakalivuta lile funiko. Taa zilikuwa nyembamba kama nyuzi. Mgongo uliteremka moja kwa moja mpaka nyuma, vile vile Diana alivyouchonga. Bariki aliweka mikono kichwani, akacheka kwa huzuni. "Wameziondoa kweli," alisema. Oswald alikichukua kigari, akakiweka kando ya simu, na watu wakalinganisha. Kilifanana kuliko vyote, akakiingiza ndani ya kabati la vioo.

Hapo ndipo mama yake Irambona alipotokea barabarani. Aliitwa Inamahoro. Khanga yake ilikuwa imelowa na miguuni hakuwa na viatu.

"Irambona, twende," alisema kwa sauti ndogo. "Boti ya baba yako imezama."

Walikimbia mpaka Kibirizi. Mtu mmoja aliyekuwa ametoka kusini alisema ameona madumu ya mawese yakielea, ila mawimbi yalimzuia kuyakaribia. Boti mbili zilikuwa zimekwenda kutafuta. Watu walisimama kwenye mvua wakitazama maji ya kijivu. Baba yake Diana alisimama peke yake, kofia mkononi. Diana alisimama nyuma ya watu. Alijaribu kuomba, lakini maneno hayakuja. Alichokiona akilini ni uji wa muhogo ukizunguka ndani ya kopo.

Jioni boti za waokoaji zilirudi. Alphonce aliweza kutembea mwenyewe. Mzee Bucumi alibebwa. Walikuwa wameshikilia madumu kwa muda mrefu majini, na midomo ya mzee ilikuwa imepauka. Alikohoa bila kupumzika, wakampeleka hospitali.

"Kiraka kiliachia," Alphonce aliwaambia watu waliomzunguka. "Tulikuwa na mzigo. Maji yalianza kupanda pale pale penye kiraka. Nilipoweka mkono, gundi ilitoka kama ugali."

Hakuna aliyemtukana Anatoli. Walimtazama tu, kisha wakamwacha.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mzee Bucumi alishikwa na kichomi, na boti yake pamoja na injini vilikuwa vimelala chini ya ziwa. Irambona hakuja shuleni. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyeitwa Yunisi, alikuja kwa heshima zote kuiondoa boti yake kwa Anatoli akaipeleka kwa fundi Adolf. Nyumbani baba alikula kidogo. Wakati mwingine aliitazama mikono yake, akiigeuza juu na chini. Mama yake Diana, Marcelina, alimwambia kwamba kila fundi hukosea.

Siku moja Diana alirudi kutoka shuleni akamkuta baba uani. Alikuwa akizifunga zana zake ndani ya gunia: tezo, randa, nyundo na patasi.

"Unazipeleka wapi, baba?"

"Kwa Adolf. Yeye bado ana macho." Baba alikaza kamba. "Niliiona gundi ni laini, mwanangu. Niliiona, na bado nikaipaka. Zamani nisingefanya hivyo. Fundi akifikia hapo, aache kazi kabla hajaua mtu."

Diana alipiga magoti kwenye tope. Alilia kwanza, halafu akasema yote: kigari, kopo, uji wa muhogo. Mama alitoka jikoni akabaki mlangoni, mwiko mkononi.

Baba alikaa kwenye kigoda. Aliifungua kamba ya gunia, akaikunjakunja mkononi.

"Nilikuuliza," baba alisema mwishowe. "Unakumbuka nilikuuliza?"

"Nakumbuka, baba."

"Inuka. Vaa viatu. Haya maneno siyo yangu peke yangu."

Hospitalini, Mzee Bucumi alikuwa ameegemezwa mito. Alikuwa amekonda. Irambona alikaa kando ya kitanda akimpepea.

"Shikamoo, mzee," Diana alisema, na sauti ikamkatika. Baba hakumsaidia. Ilibidi aanze upya, aseme yote tena mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mzee Bucumi alifumba macho akisikiliza. Alipoyafumbua alimtazama Anatoli kwanza. "Nilipokuwa majini, ndugu yangu," alisema kwa shida, "nilikasirika kwa sababu nilikuamini. Nilikaa nikikulaani wewe." Akakohoa. "Sasa inabidi niombe msamaha kwa jambo hilo."

"Uliniambia baba yako alikupa," Irambona alisema. Hakupaza sauti. Aliweka pepeo kitandani, akatoka nje, na Diana hakuthubutu kumfuata.

Jioni hiyo hiyo Diana alikwenda kwa Oswald pamoja na mama yake. Aliwaeleza waliokuwapo jinsi kigari kilivyopatikana, akaomba kiondolewe kabatini. Oswald alifungua kioo, akamkabidhi kigari. Bariki, aliyependa kubishana kuliko watu wote, aliinamisha kichwa akitazama usukani wa pikipiki yake.

Habari zilienea Kibirizi, na Anatoli akazitoa zana zake kwenye gunia siku ile ile. Anatoli alikuwa na mbao nzuri alizozihifadhi kwa ajili ya boti yake mwenyewe. Aliamua kuzitumia kumjengea Mzee Bucumi boti mpya, na Adolf akajitolea kumsaidia. Wenye boti wengine walikubaliana kumwazima mzee injini ya zamani mpaka apate yake. Kila siku baada ya masomo Diana alikwenda ufukoni. Alifagia maranda, alichota maji, alisokota pamba iliyolowekwa mawese kwa ajili ya kuzibia viungo vya mbao. Viganja vyake vilitoka malengelenge. Irambona naye alikuja kushika mbao, lakini alifanya kazi upande wa pili wa boti, na walipokutana alitazama chini.

Ilichukua wiki nyingi. Mzee Bucumi alitoka hospitali, ingawa kifua hakikupona vizuri na alitembea akipumzika njiani. Asubuhi ya kushusha boti majini alikuja na Inamahoro. Majirani walikuwa wamekwisha kushika kingo za boti, wakisubiri amri, mzee alipoinua mkono.

"Ngojeni," alisema. "Diana, mwana wanje, mwanangu, njoo. Boti hii ina tatizo lolote?"

Watu wote walimgeukia. Diana alitamani kusema hapana. Watu walikuwa wengi, na mbingu ilikuwa imeanza kufunga tena.

"Lipo, mzee," alisema. "Nyuma kule, chini ya ubao wa mwisho. Mimi ndiye niliyesokota pamba ya pale jana, na nadhani niliisokota nyembamba. Nilikuwa nimechoka."

Mtu mmoja aliguna kwa kukosa subira. Anatoli alikwenda nyuma ya boti, akainama, akachokoa kwa ncha ya kisu. Pamba ilitoka.

"Kweli," alisema. "Leo haishuki."

Majirani waliachia kingo za boti. Mzee Bucumi hakukasirika. Alijishusha taratibu juu ya gogo, akavuta pumzi mpaka kifua kikatulia.

"Msinung'unike," aliwaambia. "Sikia, Diana, na wewe Irambona usikie. Kupenda kitu kizuri siyo kosa, hata kama ni gari la mbali ambalo hatutalipanda. Hata kuchukua gundi, kosa hilo lingekwisha kwa baba yako kununua kopo lingine. Kilichotuzamisha ni lile neno 'hapana' ulipoulizwa. Anayeficha kosa lake huwaachia wengine walibebe bila kujua, na mimi nililibeba mpaka katikati ya ziwa. Leo umesema ukweli mbele ya watu, na umetupotezea siku moja tu. Siku moja naweza kuipoteza."

Anatoli alikuwa amekwisha kuvua shati lake la sherehe na kuchukua nyundo. Diana alichukua fungu jipya la pamba, akakaa mchangani, akaanza kusokota. Baada ya kitambo Irambona alizunguka boti akaja upande ule. Hakutabasamu. Alikaa, akashika ncha nyingine ya pamba, akaivuta kwa nguvu ili ikaze, na wakasokota pamoja huku mvua ikianza kudondoka ziwani.