Niliapa Uso wa Dada Hautaonekana

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti hapa Singida mjini.

Dada yangu Pendo alimkimbia mumewe huko Kintinku baada ya kutishiwa kwa panga. Akajificha Mkiwa, akajiunga na kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti. Shemeji aliapa kuwa akimwona tu, atammaliza!

Kikundi kikaniomba tovuti. Nikampiga dada picha akimimina mafuta, nyuma yake kibao chenye jina la kijiji. Akaniambia, "Mdogo wangu, uso wangu usionekane. Umenielewa?"

"Usiwe na hofu, dada. Naikata picha, ibaki mikono tu."

Kumbe sikuikata! Nilipakia picha nzima, nikakiagiza kiolezo cha tovuti, yaani muundo wa kurasa uliotengenezwa tayari, kionyeshe mikono tu. Kiolezo hicho huikata picha upya kila inapoombwa, kwa ukubwa unaotakiwa mahali hapo. Nikafungua ukurasa, nikaona mikono, nikajiona fundi!

Kisha, kwa majivuno yangu, nikatuma kiungo cha tovuti kwenye kundi la simu la wauza alizeti wa mkoa mzima. Sikurudi kutazama. Kule kundini simu huonyesha picha pamoja na kiungo, nayo ikaomba picha ya ukubwa mwingine, ambao sikuwa nimeuagizia mikono tu, na ikatokea nzima... uso wa dada, kibao, jina la kijiji! Mtu wa Kintinku akamwonyesha shemeji.

Siku ya tatu asubuhi simu ikaita. Dada alikuwa ananong'ona. "Yupo nje, ananiulizia. Amejuaje?"

Simu ikakatika. Nilipanda bodaboda hadi Mkiwa nikilia njia nzima. Je, ningemkuta hai?

Nilimkuta amejibanza nyuma ya magunia ya alizeti. Akina mama walikuwa wamemzingira shemeji kwa mayowe na michi hadi akatimua mbio. Nikamweleza dada ukweli wote. Hakunitukana. Alianza kukusanya nguo zake.

Jamani, mtu akikuomba umfiche, ikate picha yenyewe kabla hujaipakia! Usikiachie kiolezo roho ya mtu. Na kabla hujajisifu, tazama kila mahali itakapoonekana. Mimi sikutazama.

Dada alihama siku hiyo hiyo. Sijui yuko wapi. Ameniandikia mara moja tu, kwa namba ambayo sasa haipatikani: "Nipo salama. Na wewe pia usinitafute."