Achari za Fumie

Nyumbani kwa Bwana Nonaka, neno la kwanza la asubuhi lilikuwa "We".

"We. Chai."

Chai ilikuja. Nonaka hakuinua macho kutoka kwenye gazeti. Mkewe, Fumie, aliweka kikombe karibu na mkono wake wa kulia, kisha akarudi jikoni kugeuza chungu chake cha pumba.

Chungu hicho kilijaa pumba laini za mpunga, zilizochachushwa kwa chumvi na maji. Fumie alifukia humo matango, biringanya na figili, na kesho yake zilikuwa achari. Pumba za kuanzia alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kila siku lazima zigeuzwe kwa mkono, kuanzia chini kabisa, la sivyo zinaoza. Na kila nyumba ina ladha yake, kwa sababu kila mkono una ladha yake. Nonaka alikula achari hizo tangu ujana wake. Kukifunua chungu hakuwahi hata siku moja.

Alikuwa meneja wa kampuni ya pampu za maji. Miaka yote aliondoka asubuhi na mapema, akarudi Fumie amekwisha lala. Mwezi wa nne alistaafu. Kazini walimpa shada la maua na saa ya mezani. Maua yalinyauka, saa ikabaki inagonga mezani kwa sauti kubwa, na Nonaka akabaki akiisikiliza. Alidhani mkewe atafurahi kuwa naye nyumbani kutwa.

Fumie hakusema kama amefurahi. Alianza kuumwa kichwa. Alipovaa viatu mlangoni ili atoke, mumewe alitokea nyuma yake kama askari wa zamu.

"Unakwenda wapi? Na nani? Unarudi saa ngapi?"

Akishajibiwa yote hayo, aliongeza, "Na chakula changu cha mchana?"

Baada ya muda akaona maswali hayatoshi, akaanza kumfuata. Alimfuata sokoni na kumsahihisha namna ya kuchagua figili. Alimfuata benki. Wanawake wa mtaani wakampa jina la jani lililolowa, lile unalolifagia na halitoki kwenye ufagio. Fumie alilisikia jina hilo akiwa kwenye foleni ya tofu ya soya, akainamisha kichwa.

Siku moja ya kiangazi alimfuata mpaka kwenye viwanja vya mboga, kando ya mfereji. Fumie alikodi kijisehemu huko. Nonaka alisimama nyuma ya kibanda cha majembe, amevaa viatu vyake vya ofisini, akachungulia.

Fumie alikuwa anacheka. Alikuwa amechuchumaa kati ya miche ya biringanya, kofia imemwendea upande, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kiganja. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye mvi na tango mkononi. Naye anacheka.

Wivu ulimwingia Nonaka. Alijaribu kukumbuka ni lini mkewe alicheka hivyo nyumbani, akakosa. Aliondoka bila kujionyesha, na njia nzima alilitazama lile tango kichwani mwake.

Chakula cha mchana alikila amenuna. Mwishowe akauliza yule mwanamume ni nani. Fumie akasema ni Bwana Kurihara, wa kiwanja cha jirani, anakaa peke yake nyumba ya mwisho mtaa wa pili.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mchele," alisema Fumie.

"Mchele unachekesha?"

"Wakati mwingine."

Tangu siku hiyo Nonaka hakupata raha. Fumie akijitazama kwenye kioo, ni Kurihara. Akinunua kofia mpya, ni Kurihara. Akitoka na kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa, ni Kurihara. Alikuwa mtu mzima mwenye binti, Tomoe, na mjukuu kule Sapporo, na alikuwa anahesabu matango kwenye jokofu.

Majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, Fumie alizima televisheni katikati ya mchezo wa besiboli. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Akakaa mbele ya mumewe, mikono mapajani.

"Baba Tomoe, nataka tuzungumze. Nimepata chumba karibu na dada yangu. Nataka kuhamia kabla ya mwaka mpya. Talaka tutaizungumza taratibu, bila ugomvi."

Nonaka alisikia masikio yanapiga kelele. Kitu kimoja tu kilimtoka mdomoni.

"Na nani?"

Fumie alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Umeniuliza na nani," alisema. "Hukuniuliza kwa nini."

Akainuka, akaenda kugeuza chungu chake.

Nonaka hakungoja hata koti. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya mwisho mtaa wa pili. Njiani alipanga maneno makali, maneno ya meneja. Kurihara alifungua mlango amevaa aproni. Alimwinamia mgeni, akamwekea ndara za kuvaa ndani, akamkaribisha kwa chai. Ni vigumu kumtukana mtu aliyekuwekea ndara. Nonaka aliketi, na pamoja na chai kikaja kisahani cha achari ya tango.

Alitia kipande kimoja mdomoni ili apate muda wa kuanza ugomvi. Akaacha kutafuna.

Alikuwa anaijua ladha hiyo. Chumvi kidogo, ganda la yuzu, limau la Kijapani, kwa mbali, na ukali ule wa mwisho unaopanda puani. Ilikuwa ladha ya mezani kwake.

"Hizi ni achari za mke wangu," alisema. "Anakuja hapa kukutilia mkono kwenye chungu?"

Kurihara hakushtuka. Aliinuka, akaleta ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, akaiweka mezani na kuifunua. Pumba zilikuwa zimesawazishwa vizuri juu, na alama za vidole vinene zilionekana.

"Pumba za kuanzia ni zake. Alinigawia gao moja la mkono, akanifundisha palepale shambani. Mkono ni wangu. Mama Tomoe hajawahi kuvuka mlango huu, Bwana Nonaka. Wewe ndiye mgeni wangu wa kwanza mwaka huu."

"Mnacheka sana kule shambani."

"Tunacheka, ndiyo. Siku ile nilimwambia jinsi nilivyoosha mchele kwa sabuni ya vyombo. Niliambiwa 'osha mchele', nikaosha. Wali ulitoa povu."

Nonaka nusura acheke, akajizuia. Bado roho ilimuuma. Akasema kwamba mtu akifiwa na mke ni haki aonewe huruma, lakini huruma ina mipaka yake. Kurihara akatikisa kichwa polepole.

"Mke wangu hajafa. Aliniacha, yuko Chiba, mzima kabisa. Watu hapa wanadhani nimefiwa, nami nimewaacha wadhani hivyo. Ni aibu ndogo kuliko kusema ukweli."

Kisha akaueleza ukweli huo. Alikuwa mkaguzi wa reli. Alipostaafu alikaa nyumbani na kukagua nyumba. Mkewe akapata vidonda vya tumbo, akakosa usingizi, masikio yakawa yanamlia. Daktari alimwuliza dalili zilianza lini. Mke akahesabu miezi, akakuta zilianza mwezi mumewe aliporudi nyumbani moja kwa moja.

"Nilikasirika. Nikasema, nimekukosea nini? Sinywi, sikupigi, pensheni nakuletea. Nilidhani ndoa ni hiyo. Kumbe yeye alikuwa na maisha yake yote ambayo mimi sikuyajua, marafiki, ratiba, hata kiti anachokipenda. Mimi nikaingia na kukikalia kiti, halafu nikauliza chakula kiko wapi. Wengi wetu tunafanya hivyo. Tunarudi nyumbani tukidhani tunarudi kwetu, na kule ni kwake. Inabidi ubishe hodi."

"Mke wangu anataka kuhama. Sasa nifanye nini?" Nonaka aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza la kweli alilouliza tangu astaafu.

Kurihara alimwongezea chai. Akasema aanze na chakula cha mchana, ajipikie mwenyewe, hata kama ni tambi. Asimfuate. Atafute cha kufanya nje ya nyumba ambacho si cha mkewe. Akitaka kujua habari zake, amwulize habari za siku yake, asimwulize saa ya kurudi. Na amwambie asante kwa sauti, maana asante ya moyoni haisikiki.

"Na usimlazimishe abaki. Huenda umechelewa, kama mimi. Jifunze hata hivyo. Unamwitaje mkeo?"

Nonaka aliinamia kisahani.

"Nasema 'we'."

"Ana jina," alisema Kurihara. "Unajua kwa nini Mama Tomoe alinigawia pumba? Alisema, 'Angalau wewe umeuliza.'"

Neno hilo lilimchoma Nonaka kuliko alivyoogopa kuchomwa. Alikuja kutafuta kitu alichoibiwa. Alichopata Kurihara kilikuwa kimekaa wazi jikoni kwa Nonaka miaka yote, na yeye hakukiomba.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Aliunguza sufuria. Wali wa kwanza ulikuwa uji, wa pili ukawa kokoto. Fumie alimtazama kwa wasiwasi, kama anayemtazama mtu mwenye homa. Nonaka alijiandikisha kwenye kikundi cha kutengeneza baiskeli mbovu katika jumba la mtaa, na mara ya kwanza alirudi na grisi mpaka masikioni. Alijaribu pia kulitaja jina. Lilikwama. Alilijaribu bafuni, peke yake, akaona haya.

Habari ya chumba haikuzungumzwa tena, lakini haikuondoka. Fumie akasema anakwenda kwa dada yake kukiangalia vizuri na kufikiri. Alianza kukifunga chungu kwa shuka ili akibebe. Nonaka alipokiona chungu mlangoni, alielewa kwamba vitu vingine vyote mkewe angeviacha.

"Niachie chungu," alisema.

"Utakisahau siku mbili, zitaoza. Ni za mama yangu."

"Nionyeshe."

Fumie alisita. Kisha akakifungua, akamshika mkono kwenye kifundo na kuuzamisha mpaka kwenye kiwiko. Pumba zilikuwa baridi na zilinuka vikali. Alimwonyesha kuzitoa za chini kuja juu, kukandamiza hewa itoke, kusawazisha, kufuta ukingo kwa kitambaa safi. Mikono yao ilikuwa haijagusana muda mrefu.

Fumie aliondoka. Nyumba ilikuwa kubwa. Wivu ulirudi kila jioni na maswali yaleyale: yuko wapi, na nani? Nonaka alishika simu, akaiweka. Asubuhi alizamisha mkono kwenye chungu. Siku moja alipita kwenye viwanja vya mboga kwa baiskeli, akamwona Kurihara peke yake anapalilia, akafurahi kumwona pale kiasi cha kuona aibu. Wakanywa chai ya chupa wote wawili, wamekaa ukingoni mwa mfereji.

Simu ililia, na aliyepiga alikuwa Fumie.

"Hujapiga hata mara moja," alisema.

"Nilikuwa nageuza pumba."

Akamsikia akipumua kwa pua, kama mtu anayezuia kicheko.

Aliporudi, hakuvua hata kofia. Alikwenda jikoni, akafunua chungu, akanusa. Akafukua tango, akaliosha, akalikata, akala kipande amesimama. Nonaka alisubiri mlangoni.

"Ladha imebadilika," alisema Fumie.

"Nimeziharibu?"

"Chumvi imezidi. Mkono wako mzito." Akala kipande kingine. "Lakini ziko hai. Zina mikono miwili sasa."

Akamwambia kwamba amekwisha mwomba mwenye chumba atafute mpangaji mwingine. Si kwa ajili ya achari, alisema. Ni kwa sababu alilala kwa dada yake akajikuta anawaza kama mumewe atakumbuka kufuta ukingo. Lakini alikuwa na lake la kusema. Mchana kila mtu atajipikia. Jumatano ni yake, na hataulizwa. Wakirudi kule kwa zamani, vyumba vipo vingi. Nonaka alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Asante," alisema, kwa sauti.

Jumatano ilipofika, Fumie alivaa kofia mpya na kuketi mlangoni kuvaa viatu. Mkononi alikuwa na kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa. Nonaka alisimama nyuma yake. Maswali yote yalimjia kwa mpigo mmoja, wapi, na nani, saa ngapi, na kibakuli hicho cha nani. Alijikaza. Akakumbuka kwamba miaka yote yeye ndiye aliyekaa hapo akifunga viatu, na kila asubuhi kulikuwa na sauti nyuma yake iliyomuaga kwa heri. Hakuwahi kugeuka kuitikia. Hakuwahi kusimama upande huu wa mlango.

"Nenda salama, Fumie."

Fumie alikuwa amevaa kiatu kimoja. Alisimama nacho hivyohivyo.

"Umesemaje?"

"Nimesema nenda salama."

"Halafu?"

Masikio ya Nonaka yaliwaka moto.

"Fumie," alisema.

Fumie alicheka. Alicheka akivaa kiatu cha pili, akacheka akifungua mlango, kofia ikamwendea upande. Nonaka alikaa kusikiliza kicheko kikishuka ngazi, kisha akaenda jikoni kuosha mchele wake, bila sabuni.