Nilikwambia Wewe, Sikuwaambia Wao

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni, alfajiri, kabla mwanga haujaingia dirishani. Bibi akakiinua upesi asimwamshe mjukuu wake. Lakini Kidoti alikuwa macho tayari, simu mkononi, machozi yanamtiririka.

Ujumbe ulitoka kwa rafiki yake, mkunja shuka wa kiwanda cha kufulia nguo, huko ambako Kidoti alipiga pasi:

"Pole shoga yangu kwa upasuaji wa kizazi. Usikate tamaa, Mungu atakupa tu mtoto."

— Bibi, kazini wamejua.

Bibi akaweka kikombe chini taratibu.

— Wamejuaje? Cheti cha daktari kilisema upumzike tu.

— Tuliojua ni mimi, wewe na Dereva.

Dereva wa gari la kiwanda ndiye mchumba wake, na harusi ilikuwa mwezi ujao. Hospitalini alikaa naye, akamshikia nywele alipotapika. Daktari aliposema uvimbe umetoka na kizazi kimebaki salama, yeye ndiye aliyelia wa kwanza.

Mara hodi ikapigwa. Dereva alikuwa amezima injini tangu barabarani, gari likaserereka kimya kimya mpaka mlangoni, asimshtue mgonjwa.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, baba. Pita.

Kidoti hakumpa nafasi ya kukaa.

— Umewaambia?

— Kidoti, nisikilize kwanza...

— Umewaambia, hujawaambia?

Dereva akatazama funguo za gari mkononi mwake.

— Nimewaambia.

Pale kiwandani ilikuwa desturi: kabla ya mashine kuwashwa, wote husimama kwenye meza ya kukunjia, na asiyekuwepo hutajwa pamoja na ugonjwa wake, ili wenzake wajue namna ya kumfariji. Nia ilikuwa njema, ila mdomo wa Msimamizi haukuwa na mlango.

— Msimamizi alisema mbele ya wote kwamba umekwenda kutoa mimba, ndiyo maana cheti hakitaji ugonjwa. Watu wakacheka. Ningekaa kimya?

— Ndiyo. Ungekaa kimya.

— Wakuchafue?

— Ile mimba ilikuwa uongo wao, wangechoka nao wenyewe. Hii ni kweli yangu! Nilikwambia wewe, sikuwaambia wao.

— Nilikuwa nakutetea.

— Umenivua nguo mbele za watu, halafu unasema ulikuwa unanifunika. Toka. Usirudi hapa.

Akatoka kichwa chini. Bibi akamfuata nje na kikombe cha chai.

— Kunywa kwanza, ndiyo ufukuzwe vizuri.

Asubuhi ilipokolea, simu ikalia. Mkunja shuka tena:

"Leo Dereva kasimama mezani. Kasema alitoa siri isiyo yake, kaomba radhi, na kasema ugonjwa wa mtu usiulizwe tena pale mezani. Msimamizi kavimba kama chura! Shoga, nami nisamehe kwa ule ujumbe wangu. Pasi yako tumeifunika kitambaa, hapaguswi na mtu hapo mahali pako."

Kidoti akasoma mara mbili.

Jioni, jua likiwa bado ukutani, Dereva akaja akasimama kibarazani. Kabla hajabisha, simu yake ikaita. Sauti ya mama yake ilikuwa kali, ikapenya mpaka dirishani alikokuwa Kidoti.

— We mwanangu! Msimamizi wenu kamwambia jirani yangu kwamba huyo binti kaondolewa kizazi. Ni kweli?

— Mama, hilo si langu kusema.

— Nimekuzaa mimi! Neno moja tu: kipo au hakipo?

Kidoti akakamata pazia. "Kipo." Neno dogo, tena la kweli, na lingemaliza kila kitu. Akasubiri alisikie.

— Mama, mwili ni wake. Akitaka, atakwambia mwenyewe.

— Basi kwenye hiyo harusi yenu msinihesabu!

— Kiti chako nitakuwekea, Mama. Lakini sisemi.

Simu ikakatwa. Dereva akaketi kwenye ngazi, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Mlango ukafunguka. Kidoti akatoka polepole, mkono tumboni.

— Kwa nini hukumwambia? Ungejiokoa.

— Ningekuwa nakutetea tena.

Kicheko kikamponyoka Kidoti, akakunja uso.

— Usinichekeshe, mshono unauma!

Dereva akanyoosha mkono amshike, kisha akaurudisha, akangoja. Kidoti akaufuata mwenyewe, akaushika.

— Mama yako nitampigia mimi. Nitamwambia ninachotaka mimi, siyo anachotaka yeye.

— Sawa.

— Na bado nina hasira nawe.

— Najua.

— Mwenye hasira aingie ndani, baridi hiyo! — Bibi akaita kutoka jikoni.

Dereva akamsindikiza Kidoti mpaka kitini, akamwekea mto mgongoni, akaaga. Nje akaanza kulisukuma gari kwa bega, injini imezimwa, kama alivyozoea tangu Kidoti augue.

— We! — Kidoti akaita kupitia dirishani. — Washa tu, nipo macho. Na kesho upite tena.