Shimo la Pili Kutoka Juu

Kaka yangu wa tumbo moja aliiba kura yangu huku ameushika mkono wangu.

Someni hadi mwisho kabla hamjamtukana. Mimi mwenyewe mwisho wake haunipambi.

Naitwa Zamfira, sioni tangu nina miaka tisa. Hapa kwetu Romania, asiyeona anaruhusiwa kuingia kibandani na mtu wa kumsaidia. Wangu ni huyo kaka, Neculai, dereva wa trekta la halmashauri. Huu ulikuwa uchaguzi wetu wa nne pamoja.

Safari hii nilijipanga. Meya alishatangaza kwamba anauza kituo cha walemavu, mahali pekee panaponitoa ndani nikakutana na wenzangu.

Wiki nzima nilipiga simu, nikasomewa sera za wagombea wote wanne na mpangilio wao kwenye karatasi. Mwalimu Smaranda, aliyeapa kukilinda kituo, alikuwa wa pili kutoka juu. Meya wa mwisho.

Nikakata kadi ya boksi yenye mashimo manne, niilaze juu ya karatasi, nigonge muhuri wa kura mwenyewe. Kibandani Neculai akaisukuma pembeni.

"Acha utoto, Zamfira. Mimi nipo."

Akanishika mkono wenye muhuri. Mkono ukashuka... ukashuka... hadi karibu na ukingo wa karatasi.

Jamani, mimi nimekosa macho tu. Juu na chini navijua.

"Nimegonga wa ngapi?"

"Wa kwako huyo huyo."

Alinuka gongo ya plamu, na nilijua kanyweshwa na nani.

Nilitoka na karatasi mkononi, sikuitumbukiza. Nikamwambia mwenyekiti wa kituo cha kupigia kura, watu wote wakisikia, kwamba muhuri umegongwa nisipotaka, na sheria inanipa karatasi nyingine, mara moja tu, maadamu ya kwanza haijaingia sandukuni.

Neculai akacheka, akawaambia huwa nachanganyikiwa.

Mwenyekiti akaibatilisha ile, akanipa mpya. Nikaingia peke yangu na kadi yangu. Shimo la pili kutoka juu. Paa!

Nje, kaka yangu alinitukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Kumbe meya alikuwa amemwambia alete kura mbili za nyumbani au atafute kazi nyingine.

"Sasa naenda kwa Mama, na huko hunizuii."

Mama ana kiharusi, hatoki kitandani. Wasio na uwezo wa kutoka huandika maombi mapema, wasimamizi wakawafuata na sanduku dogo. Nikaning'inia kwenye koti la Neculai hadi nyumbani.

Wasimamizi wawili walishafika. Neculai akajitia wema, eti amshike Mama mkono kwa kuwa unatetemeka.

Mama huongea neno moja moja siku hizi.

"Toka. Nje."

Nilichekelea mpaka nikaona aibu! Nikasogea kitandani, nikamkumbusha kwamba kadi niliyomkatia ya kuongoza mkono iko chini ya mto.

Kisha nikasikia boksi likikunjwa.

"Wagombea wanne. Shimo moja." Akavuta pumzi. "Na wewe. Toka."

Hilo niliwaficha, wasomaji wangu. Kadi yangu niliitoboa mashimo manne. Ya Mama nilitoboa moja tu, la pili kutoka juu. Nilijiambia ni ili asichanganyikiwe. Neno lile lile la Neculai.

Tukakaa barazani mimi na mwizi mwenzangu, tukisikiliza. Muhuri uligongwa mara moja.

Meya alishinda. Kituo tunakipigania bado, na Neculai bado namchukia kidogo. Mama nilimuuliza alimpigia nani, akaniomba ugali na jibini.

Ninyi mlio na mtu mwenye ulemavu nyumbani, msomeeni wagombea wote, pamoja na yule msiyemtaka. Mwelezeni sheria zake zote.

Halafu tokeni nje.