Nguzo za Nyumba ya Mama

Kila Ijumaa, akishamaliza kufunga marobota ya vitambaa vya soko la Zhongda, Mwadini alikwenda kwenye kibanda cha simu mtaa wa Dengfeng kuulizia nyumba. Alikuwa akimjengea mama yake nyumba ya ghorofa, Unguja. Yeye yuko Guangzhou, Uchina, fundi Ahmada yuko kule, na ujenzi wote unakwenda kwa simu.

Mwaka huo wa 1998 alikuwa amempa msafiri picha ya jengo moja la barabara ya Huanshi, amfikishie Ahmada aige. Chini duka wazi, halina kuta, nguzo tu. Juu wanalala watu. Mama naye angelala juu.

"Kesho asubuhi namwaga zege la nguzo," Ahmada alisema. "Ringi za kufungia nondo nimeziachanisha futi moja moja, chuma kisipotee bure."

Mwadini alirudi nyumbani anachekelea, akayasimulia maneno ya Ahmada. Mkewe, Mwanahija, alikuwa akimpakulia wali jirani yao Heriel, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Moshi, aliyechoshwa na tambi za bwenini.

"Ringi zimeachana kiasi gani, kaka?" Heriel aliuliza.

"Futi moja. Jengo si lile lile la hapa?"

"Picha haioneshi kilichomo ndani ya nguzo." Heriel aliweka kijiko chini. "Tetemeko huisukuma nyumba ubavuni, huku na huku. Chini kukiwa wazi, mzigo wote unaelemea nguzo. Ringi ndizo zinazobana nondo na zege. Zikiachana, zege linapasuka, nondo zinapinda, ghorofa inakaa chini."

"Na mama yumo," Mwanahija alisema.

"Unguja kuna tetemeko gani, bwana?" Mwadini aliuliza.

"Ardhi ya kwetu nayo hutikisika, kaka. Na haipigi hodi."

Mwadini hakupata usingizi. Asubuhi Heriel alimpeleka kwenye jengo lililokuwa likijengwa jirani. Mkaguzi mmoja mfupi alikuwa akipima ringi moja moja, ramani iliyoidhinishwa mkononi. Kwenye nguzo ya tatu akatikisa kichwa. "Bu xing!" Haiwezekani. Mafundi wakanuna, wakafungua, wakafunga upya. Gari la zege likasubiri.

"Hata hapa mafundi wasipokaguliwa wanakwepa," Heriel alisema. "Sheria iko kwenye karatasi. Anayeifikisha kwenye nguzo ni huyu mwenye futi ya kupimia. Wewe una kibali?"

"Kibali ninacho. Mkaguzi sikumwita. Niliona ni kujitafutia usumbufu."

Mwadini alitimua mbio hadi kibandani. Unguja hata hakujapambazuka.

"Ahmada, usimwage! Muite mkaguzi kwanza!"

"Wewe unajua saa ngapi huku?" Ahmada alifoka. Lakini hakumwaga.

Mkaguzi wa manispaa alikuja. Ringi zikasogezwa, zikaachana inchi nne nne kwenye sehemu ya juu na ya chini ya kila nguzo, ncha zake zikakunjwa ndani. Ramani ikaongezewa kuta mbili chini. Duka likapungua, na Mwadini hakulalamika.

Ijumaa iliyofuata, mama mwenyewe alishika simu.

"Mwanangu, huyo mkaguzi wako! Nimemkaribisha urojo, akasema mpaka amalize kupima. Nguzo zote, mwanangu! Urojo ukapoa." Mama akacheka. "Nikajua humu nitalala usingizi."