Mstari wa Wajane Wawili

"Waambie hapana," fundi chapa alisema, akipanga karatasi kwenye printa. "Gazeti si duka hili, mpenzi. Kule ukikosea, mji mzima unasoma."

Mchumba wake, binti mwandishi wa wasifu, alishika simu. Ujumbe wa mhariri ulikuwa unamtazama: "Tumesoma wasifu unaowaandikia marehemu. Tunataka uandike ukurasa wa kumbukumbu kila Jumamosi. Tuma sampuli tano na jibu lako kabla ya saa kumi."

Kazi yake ilikuwa hiyo. Waliofiwa walikuja kaunta, wakasimulia, wakalia, naye akaandika kwa mkono kwenye daftari kubwa. Fundi akapiga chapa. Watu walisema maneno yake yanamrudisha marehemu mlangoni. Yeye hakuamini tena.

Miaka miwili nyuma, wasifu wa mwalimu mmoja ulisomwa makaburini: "Ameacha wajane wawili." Mwalimu wa watu alikuwa na mke mmoja. Yule mama alizimia palepale, na mashemeji wakashinda wiki nzima wakimtafuta mke wa pili asiyekuwepo.

Bosi wa duka alitaka kumfukuza binti. Fundi akamwombea, akaahidi kukagua kila neno lake. Tangu hapo binti hakuandika hata salamu bila kumwonyesha, naye fundi hakuacha kukata maneno yake. Mama mkwe mtarajiwa alizoea kutania kwamba mwanawe anaoa mwanafunzi wake. Sasa zilibaki wiki tatu harusi ifike.

Kitendawili: nimebeba mzigo, mwenye mzigo anatembea nyuma yangu akinipa pole. Msinipe mji bado, jibu liko kabatini.

Binti alikwenda kwenye kabati la madaftari ya zamani, angalau aone sampuli gani angetuma, kabla ya kukataa. Siku ile ya aibu fundi ndiye aliyeyaweka humo, akamsihi asiyaguse, asijitese. Kabati halikuwa na kufuli. Kufuli lilikuwa woga wake.

Akaukuta ukurasa wa mwalimu. Mwandiko wake mwenyewe: "Ameacha mjane mmoja na watoto wanne." Chini yake, saini ya mjane. Ukurasa uliotangulia ulikuwa wa muuza mbao, aliyezikwa siku mbili kabla: "Ameacha wajane wawili."

Alirudi na daftari, akaliweka juu ya printa.

"Soma."

Fundi alisoma. Printa ilitema karatasi, hakuna aliyezichukua.

"Ulifungua faili la muuza mbao kwenye kompyuta, ukaandika ya mwalimu juu yake. Mstari mmoja ukausahau."

"Nilikuwa na haraka. Mazishi yalikuwa saa nane."

"Ulijua lini?"

Fundi alizima printa.

"Nakuuliza, ulijua lini?"

"Jioni ileile." Akakaa juu ya boksi la karatasi. "Bosi angenifukuza, na mama ananitegemea mimi. Wewe alikuwa anakupenda. Nikajua utapona."

"Sikupona."

"Nimekukagulia miaka miwili, ili usiumie tena."

"Na yale maneno uliyokuwa unayakata, yalikuwa na kosa gani?"



"Hayakuwa na kosa. Niliogopa ukijua unaweza, utaondoka."

Hilo ndilo lililomvunja binti. Uongo wa siku moja angeweza kuumeza, maana alimpenda, na hata sasa alikuwa anampenda. Lakini miaka miwili mtu anakuona unakauka, na maji anayo yeye! Akavua pete, akaiweka juu ya daftari.

"Na harusi?"

"Nenda kwanza kwa yule mjane, umwambie nani alimzimisha makaburini. Halafu kamwambie mama yako kwa nini hakuna harusi. Kwa mdomo wako, siyo wangu."

Zilibaki dakika kumi kufika saa kumi. Binti akapiga picha kurasa tano za daftari, akaandika: "Ndiyo. Naanza Jumamosi hii." Akatuma bila kumwonyesha mtu. 

Mlango ukafunguliwa. Mzee mmoja aliingia na mwavuli unaochuruzika. Alikuwa amefiwa na mkewe asubuhi. Alisema amesikia kisa cha wajane wawili, basi akamwomba fundi amhakikishie nani atakagua maandishi.

Fundi alisogea pembeni. 

"Nitakagua mimi, baba," binti alisema, akafuta macho kwa kiganja na kuvuta daftari jipya. "Keti. Niambie, mama alikuwa anachekaje?"