Vigingi vya Kubahatisha

Kila asubuhi ya likizo Chiriku alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, kisha akaosha vyombo huku akiongea. Aliongea na kuku, akaongea na masufuria, hata ufagio aliutolea maneno ukimkwamia. Ndiyo maana watu wa nyumbani walimwita Chiriku, na jina lake la shule walilikumbuka siku ya matokeo tu.

Asubuhi ile alifagia kimya. Alipofika kwenye njia ya kuingilia nyumbani, alisimama akavitazama vigingi vinne vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia nzima ilijaa madimbwi isipokuwa sehemu moja, pembeni kidogo ya vigingi. Pale maji hayakutuama. Yalizama taratibu, kama vile chini kulikuwa na kinywa kinachoyanywa.

"Chiriku! Mjomba wako yuko njiani. Chai tayari?" Mama aliita kutoka jikoni.

"Tayari, Mama."

"Mbona sauti imekwisha? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

Njia ile ilipaswa kuwa tayari siku hiyo hiyo. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amepasuliwa nyonga, na kesho yake angetoka hospitali. Asingeweza kutembea kwenye tope. Gari lilipaswa kumfikisha mlangoni. Baba alikuwa dereva wa lori, na safari ilimwita kabla kazi haijaanza. Lakini kabla ya kuondoka alipima, akapigilia vigingi vile, akamwita binti yake.

"Hapa katikati pana shimo la choo cha zamani," alisema. "Lilifunikwa kwa mbao na bati, udongo ukamwagwa juu, kabla wewe hujazaliwa. Mbao hizo sasa zimeoza. Mjomba akija na trekta, apitie mbali. Vigingi hivi visiguswe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Alisikia, lakini vigingi vilikuwa virefu na vimenyooka, na wenzake walikuwa wanatafuta miti ya kufungia kamba ya kurukia. Akaving'oa, wakaruka mpaka jasho likawatoka. Jua lilipozama, Chiriku alirudi peke yake kuvipigilia. Matundu hayakuonekana tena. Nyayo zilikuwa zimeyafukia. Alizunguka, akakuna kichwa, mwishowe akajiambia, "Ni hapa hapa." Akapigilia.

Mjomba alifika akiwa juu ya trekta lake dogo la rangi ya chungwa, limepakaa tope mpaka kwenye taa. Nyuma yake lilining'inia sanduku la chuma lisilo na sakafu wala mfuniko. Mbele ya sanduku kulikuwa na meno ya kuchimbua ardhi, na nyuma ubapa wa kusawazisha. Mjomba aliliita Fisi, kwa sababu, alisema, halichagui chakula.

Kibonge, mdogo wake Chiriku, alimkimbilia huku kaptura ikimshuka. "Mjomba, nipande! Nipande!"

"Trekta hili lina kiti kimoja, bwana mkubwa, na mwenye kiti ni mimi," Mjomba alisema, akambeba hadi mlangoni. "Kazi ikianza, nisikuone hata kivuli."

Alikunywa chai akiwa amesimama. Kisha akauliza, "Dada, shimo ndilo lile lenye vitambaa? Nimempigia shemeji, simu haipatikani."

"Mimi sikuwepo alipopima. Muulize Chiriku."

Mjomba aligeuka. "Eti, Chiriku? Ni pale?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Akamwona Mama akimtazama, akakumbuka sauti ya Baba.

"Ndiyo, Mjomba. Ni pale."

"Sawa. Shemeji ni mtu makini; alama yake naiamini macho yakiwa yamefumbwa. Lakini wewe leo umemeza gundi? Chiriku gani halii?"

Alicheka. Chiriku alitabasamu kwa midomo tu.

Mjomba alifunga mkanda wa kiti, akawasha injini, akateremsha sanduku. Meno yaliingia ardhini yakapasua tope na majani. Ubapa ukafuata ukikusanya udongo na kuujaza kwenye mashimo. Kila alipofika mwisho alinyanyua sanduku, akageuka, akaanza mkondo mwingine. Njia ilianza kupata sura: katikati imeinuka kidogo ili maji yateremke pembeni, tayari kwa kokoto zitakazoletwa na lori mchana.

Na kila mkondo ulimsogeza karibu na ile sehemu isiyotuama maji. Alikuwa anavikwepa vigingi, kama alivyoagizwa. Kwa kuvikwepa alikuwa anaelekea shimoni.

Chiriku alisimama barazani kando ya Mama, akiwa amemshika Kibonge mkono. Mlio wa injini ulibadilika. Kwenye ardhi ngumu ulikuwa mzito. Sasa chini yake kulisikika mvumo mwingine, kama mtu anayegonga pipa tupu. Mbuzi aliyefungwa kando ya njia alisimama, akavuta kamba yake mpaka ikakaza.

Jino moja la Fisi likanasa kitu. Kikatoka kikilia: kipande cha bati, chekundu kwa kutu.

Mjomba alisimamisha trekta, akashuka, akakigeuza kwa buti. Alitazama vigingi, akatazama bati. "Kifusi cha watu wa zamani," alisema, akakitupa pembeni. Akapanda tena.

Mbao na bati. Chiriku aliisikia sauti ya Baba kana kwamba amesimama nyuma yake. Trekta lilirudi nyuma sanduku likiwa juu, likajipanga, likaanza kuja.

"Mjomba!" alipiga kelele. Injini ilimeza sauti yake. "Mjomba, simama!"

Alimsukuma Kibonge mikononi mwa Mama, akakimbia. Hakukatiza njia, alipita ukingoni, akasimama mbali mbele ya trekta, akatanua mikono yote miwili.

Breki zililia. Mjomba alizima injini, uso umemwiva kwa hasira. "Una wazimu? Unataka nikukanyage?"

"Shimo liko hapo! Hapo chini yako! Vigingi niling'oa mimi, nikavirudisha kwa kubahatisha!"

Mjomba alitazama chini. Injini ikiwa imezimwa, wote walisikia kitu kikikatika chini, polepole, kama kuni inayovunjwa gotini. Gurudumu la nyuma la kulia likaanza kushuka.

"Usisogee," Mjomba alisema kwa sauti ya chini. Alivuta mkono wa kuteremshia sanduku. Fisi akaanguka, ukingo wake ukang'ang'ania ardhi ngumu upande wa kushoto. Trekta lilipinda, likatetemeka, likatulia. Alifungua mkanda, akateleza upande wa kushoto, akatambaa kwa tumbo hadi kwenye majani. Nyuma yake udongo ulidondoka, na muda ukapita kabla ya kusikika ukigonga chini.

Chiriku alikaa chini akalia. Mama alikuja, akamfunika kwa khanga yake.

Lori la kokoto lilipofika, dereva wake alichungulia shimoni, akashusha pumzi. "Mimi nina tani na tani mgongoni," alisema. "Ningepita hapo mchana huu." Hakuna aliyetaja gari la kesho, lakini Mama alifumba macho.

Walifunga mnyororo, lori likavuta, trekta likapanda. Kisha mbao zilizooza zikatolewa, mawe makubwa yakatupwa ndani, yakafuata madogo, yakafuata udongo, kila tabaka likishindiliwa. Chiriku alibeba mawe bila kuambiwa, mpaka viganja vikachubuka. Jioni kokoto zilikuwa zimetandazwa hadi mlangoni.

Mjomba alikaa kwenye ngazi, akampa nafasi kando yake.

"Unajua kosa lako ni lipi?"

"Niling'oa vigingi."

"Hilo ni utoto. Ungeniambia asubuhi, ningekugombeza, tungechukua nondo tukapapasa ardhi, tukalipata shimo, tukaendelea na chai." Alisugua goti lake lililochubuka. "Sikiliza, mwanangu. Mahali pasipo na alama, mtu huuliza, huenda kwa tahadhari. Penye alama ya uongo, huenda kwa imani. Ndiyo maana uongo mdogo unaweza kumzika mtu aliyekuamini. Umechelewa kusema, lakini umesema ningali hai. Siku nyingine usingoje bati litoke."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe. Lakini mimi siye wa mwisho."

Chiriku alifuta pua, akaenda kumwomba Mama simu. Safari hii iliita.

"Baba," alisema, "nina jambo nataka ulisikie kwangu, sio kwa mtu mwingine."

Upande wa pili lori lilinguruma, kisha likazimwa.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, Baba."

"Basi nimeegesha," alisema Baba. "Anza mwanzo, mwanangu, na usiache kitu."